Niliacha kusoma, lakini redio yako isome kwanza

Mamangu akiona hicho kichwa hapo juu atacheka mpaka alie. Miaka miwili sasa, kila Jumapili ananipigia simu kutoka ushago kuniambia neno moja tu: soma. Rudi campo, soma, maliza. Na mimi niliyeacha shule mwaka wa pili, nikaja kujibana kwa bedsitter hapa Tassia kutengeneza video za vifaa vya umeme, leo ndio nasimama mbele yenu kuwaambia someni. Si vitabu. Redio.

Wacha nieleze ili yule ambaye hajawahi kushika hii maneno asiachwe nyuma. Redio za siku hizi, iwe ni wokitoki ya soja wa geti au skana ya kusikiliza ndege, hupangwa kwa kompyuta. Unachomeka kebo, unafungua programu, na ndani ya hiyo programu kuna amri mbili kubwa. Moja inatoa kila kitu kilicho ndani ya redio na kukileta kwa kompyuta. Hiyo ndio kusoma. Nyingine inachukua kilicho kwa kompyuta na kukimwaga ndani ya redio, juu ya chochote kilichokuwa huko. Hiyo ndio kuandika. CHIRP, ile programu ya bure ambayo karibu kila mtu mwenye Baofeng anaitumia, inaziita kupakua na kupakia, lakini kazi ni ile ile. Na kuandika hakuna huruma. Ukishaandika, kilichokuwemo kimeenda. Hakuna pipa la takataka la kwenda kukiokota.

Kwa hivyo mwenye akili anasoma kwanza, anahifadhi ile faili jinsi ilivyo bila kuigusa, anafungua nakala yake ya pili, na ni hiyo ya pili anaichezea. Inachukua dakika moja. Dakika moja, wasee. Hasira yangu leo ni kwa watu ambao hiyo dakika hawana. Na wa kwanza kwa hiyo foleni ni mimi.

Hii nimeikalia kwa muda. Wengine wenu mlinijazia inbox mkiuliza ile video ya redio za masoja ilienda wapi, mbona niliifuta na ilikuwa inafanya vizuri. Sasa hii ndio sababu.

Ploti yetu ina geti mbili, moja kubwa mbele na moja ndogo ya nyuma inayofungwa kwa kufuli usiku, na funguo inakaa geti kubwa. Redio ni tano. Geti kubwa moja, geti ya nyuma moja, soja wa juu pale pa kuanika nguo moja, keateka moja, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa ghorofa ya pili, moja. Zilipangwa na duka fulani la tauni kabla mimi sijahamia hapa.

Mama Mwenyekiti aliniita akaniomba jambo moja dogo sana. Hizi Baofeng ukizungusha chaneli kuna dada wa Kiingereza anatangaza namba kwa sauti, na usiku anaamsha watoto. "Kijana wangu, si wewe ni mtu wa vitu hivi? Mzimie huyo mama." Nikamwambia Mama, hiyo ni kazi ya dakika tano.

Sasa sikizeni upuzi wangu. Huyo dada anazimwa kwa menyu ya redio yenyewe, kwa vidole viwili, bila kompyuta, bila kebo, bila chochote. Nilijua. Lakini vidole viwili havitoi video. Kompyuta mezani, kebo, taa ya redio ikimeta ikipokea data, hiyo ndio video. Nikaleta laptopu geti kubwa, nikapanga simu kwa kisimamio, nikaanza.

Na sikusoma. Nilikuwa na faili ya redio yangu mwenyewe ya aina hiyo hiyo, nikaifungua, nikazima sauti humo ndani, nikaongeza masafa ya ploti ambayo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la wageni, nikaandika kwa redio ya kwanza. Ikakubali. Nikaandika kwa ya pili. Ikakubali. Ya tatu kebo ikakataa. Nilikuwa nimeinunua bei ya kutupa, na hizo kebo mara nyingi zina chipu feki ambazo Windows mpya ikizitambua inagoma kuongea nazo. Jua lilikuwa linashuka, mwanga wa video unaisha. Nikasema hizo tatu zilizobaki nitazimalizia kesho, tena kwa mkono.

Redio mbili nilizoandika zilikuwa ya geti ya nyuma na ya juu.

Kitu ambacho hakikuwa kwa daftari la wageni ni toni. Namba ya masafa pekee haitoshi. Wenye redio huweka toni ndogo chini ya sauti, hausikii kwa sikio, inaanzia 67 Hz na kuendelea, na redio inayopokea inaambiwa: usifungue spika mpaka usikie hiyo toni. Ndio maana masoja wa ploti yako hawasumbuliwi na kila kelele ya hewani. Duka la tauni liliweka toni kwa redio zote tano. Mimi kwa mbili nikaitoa, bila kujua ilikuwepo.

Fikiria matokeo yake, juu hapa ndipo ujinga unakuwa hatari. Redio isiyo na toni inasikia kila mtu. Lakini ikiongea, zile zenye toni zinabaki na spika zimefungwa. Kwa hivyo geti ya nyuma ilikuwa inasikia geti kubwa vizuri kabisa, na geti kubwa haisikii geti ya nyuma hata neno. Kama redio ingekufa kabisa tungejua siku hiyo hiyo. Iliyokufa upande mmoja inakaa kama nzima.

Na nilifanya majaribio! Kwa kamera! Nilisimama geti kubwa nikabonyeza nikasema, "Geti ya nyuma, unanipata?" Yule mzee wa geti ya nyuma alikuwa amejitokeza pale kwenye kona ya jengo, namwona kwa macho, akainua dole gumba. Nikageukia kamera nikasema, mnaona? Dakika tano. Nikapakia usiku huo huo.

Usiku wa kwanza geti kubwa waliita nyuma, kimya, wakasema betri. Wakapigiana simu. Usiku wa pili, saa nane na kitu, mtungi wa gesi ulishika moto kwa nyumba moja ya ghorofa ya tatu upande wa nyuma. Mzee wa geti ya nyuma ndiye aliona moshi wa kwanza. Simu yake ilikuwa imekata chaji. Aliita kwa redio. Aliita geti kubwa walete funguo, wapige kengele, waamshe watu. Aliita tena na tena akidhani wamelala. Mwisho akaacha geti, akazunguka jengo lote mbio, mzee wa miaka hamsini na kitu, akapanda ngazi, akagonga mlango mpaka ukafunguka. Mama wa nyumba hiyo alitoka na watoto wawili. Hakuna aliyekufa, Mungu mkubwa. Nyumba iliungua, na mzee akaungua mkono wa kulia kuanzia kiganja.

Asubuhi kamati ikakaa, na swali likawa moja. Mbona hakuita? Redio iko. Geti kubwa wote wawili wanaapa hawakusikia kitu. Wakaulizana, au alikuwa amelala akashtuliwa na kelele za watu? Mtu akasema bora aletwe mtu mwingine. Yeye mkono umefungwa bandeji anarudia sentensi moja, "Mimi niliita." Hamna aliyemwamini, na mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma kabisa nikisikiza, na nilinyamaza.

Nilinyamaza siku mbili. Sitawadanganya ati sikujua. Sikujua ni nini, lakini nilijua ni mimi.

Kilichonifungua macho ni ile video. Si ile niliyopakia, ile nilikata. Ni ile ndefu, mbichi. Simu yangu hupeleka kila kitu Google Drive yenyewe, na mimi tena huhamisha kwa diski ya nje kila wiki, juu hizo video ndio ugali wangu. Nikaiangalia polepole. Nikajiona nikiita. Nikamwona mzee kwa kona, na kabla ya kuinua dole, anaweka redio mdomoni na midomo inatembea. Anajibu. Na redio iliyo mkononi mwangu, sentimita chache kutoka kwa maiki, haitoi hata mkwaruzo. Sekunde tatu. Niliikata hiyo sehemu kwa sababu ilikuwa imepoa.

Nililia, na si kwa sababu nilikuwa nimegundua kitu cha busara. Niligundua kwamba sura yangu mimi ilikuwa na nakala tatu, kwa simu, kwa Drive na kwa diski, na redio ya mtu anayelinda watu wamelala haikuwa na hata moja.

Nilienda kwa Mama Mwenyekiti na hiyo video, tukaita kamati, nikaeleza. Mzee yuko kazini mpaka leo. Hospitali nililipa nusu, kamati nusu. Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Aliniambia tu, "Kijana, si niliwaambia niliita." Video nikaifuta, ilikuwa na watazamaji wengi kuliko yoyote niliyowahi kupakia mwaka huo.

Sasa tukiachana na mimi, wacha niwageukie wengine.

Kwanza, lile duka. Kabla sijajua tatizo ni nini, Mama Mwenyekiti aliwapigia akawaomba ile faili waliyotumia kupanga redio zetu. Jibu: hiyo ni mali ya ofisi, leteni redio zote tano mlipie upya. Nilipouliza hapa kwa page kama kuna mwingine aliyeambiwa hivyo, mlijibu wengi, wa Fedha, wa Pipeline, wa Donholm, wa makanisa, wa kampuni ndogo za ulinzi. Kwa hivyo hii si bahati mbaya ya duka moja, ni tabia.

Nami nauliza, mali ya ofisi kivipi? Redio ni za ploti. Pesa ya kupanga ilitoka kwa service charge ya wapangaji. Masafa yenyewe si ya duka. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, kutumia mitambo ya redio kunataka leseni, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inatoa hiyo leseni, kwa jina la anayetumia au kampuni yake ya ulinzi, si kwa jina la fundi wa kebo. Fundi nguo akikushonea suti anabaki na vipimo vyako kwa daftari lake, sawa, lakini hakuambii huwezi kujua kiuno chako ni inchi ngapi. Faili ya redio ni kitu kidogo kuliko picha moja ya simu yako. Kuinyima si kulinda siri. Ni kuhakikisha ukiharibikiwa usiku wa manane, njia ni moja tu, na hiyo njia inafunguliwa saa tatu asubuhi.

Najua watasema, tukiwapa faili mtaharibu kama wewe ulivyoharibu. Hiyo ni hoja, siikatai, mimi ndio ushahidi wake. Lakini igeuzeni. Kama ploti ingekuwa na faili yake kwa flashi, ningeandika upuzi wangu jioni, na dakika mbili baadaye mtu yeyote angerudisha redio zilivyokuwa. Mharibifu kama mimi atakuja tu, na faili au bila faili. Tofauti ni kama kuna pa kurudi akishaharibu.

Unajua tulirudi vipi? Kebo feki. Ile kebo iliyokataa kwa redio ya tatu ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu redio tatu zilibaki na mpango wa zamani ndani. Nilinunua kebo nzuri, nikasoma redio ya Mama Mwenyekiti, nikaona toni pale, kila kitu pale. Kama kebo ingefanya kazi siku ile, redio zote tano zingekuwa bila toni, zingesikizana, ndio, na kila kelele ya mtaa ingeingia, na tusingejua kilichokuwepo awali ni nini. Hiyo ni bahati. Kwa bahati hata mimi ningekuwa na degree.

Pili, nyinyi wa komenti. Kuna mmoja aliandika, "Si mnunue zingine, Baofeng ni elfu mbili na kitu." Bro. Redio ni bei hiyo. Kilicho ndani hakiuzwi. Ukinunua mpya inakuja tupu, au inakuja na masafa ya kiwandani ambayo huna leseni ya kuyagusa. Ni kama kusema ukipoteza simu umepoteza elfu kumi, wakati umepoteza namba za watu wote na sauti ya babako marehemu kwa WhatsApp.

Nami naongea nikiwa na kidonda kingine. Wale wa zamani hapa mnajua nina skana, Uniden BC125AT, niliinunua mitumba kutoka kwa jamaa aliyerudi kutoka majuu. Hiyo haitumi, inapokea tu, na mimi huitumia kwa ndege, juu kutoka hapa juu ya nyumba unaziona zikishuka JKIA moja baada ya nyingine kama matatu za Outering. Ina nafasi za chaneli 500, zimegawanywa kwa mafungu kumi ya hamsini hamsini. Zaidi ya nusu mwaka nilijaza nikisikiza kwa sikio, mawasiliano ya ndege yako kati ya 118 na 137 MHz na hutumia AM, si FM, nikiandika jina la kila moja, gani ina maneno usiku, gani ni ya kutaja hali ya hewa tu. Siku moja nikaandika faili ya mtu mwingine juu yake "nione tu inafanana aje." Iliisha hapo. Na hiyo ilikuwa kabla ya kisa cha masoja! Nilishachomeka kidole kwa moto huo nikapulizia, nikarudisha. Kwa hivyo mtu akiniambia watu hujifunza kwa makosa, namwangalia tu. (Na wale mnaouliza skana inaweza kushika polisi: sitajibu, msinitafutie shida.)

Tatu, na hapa ndipo tutagombana, kuna nyinyi mnaosema mko na bakapu. Mko nayo wapi? Kwa laptopu ile ile. Kwa nyumba ile ile. Tassia hii ambapo Desemba 2019 jengo la ghorofa liliporomoka na watu wakafa, bado unaniambia laptopu na flashi kwa droo moja ni nakala mbili? Hata bila jengo kuanguka, mwizi akiingia habebi laptopu akuachie flashi. WhatsApp nayo ni simu, na simu inanyakuliwa kwa dirisha la mathree kabla ufike stage.

Watu wa picha wana kanuni yao ya zamani ambayo mpiga picha Peter Krogh aliieneza: nakala tatu, kwa vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na hapo. Kwa ploti hiyo ni rahisi kuliko kupika chai. Moja kwa laptopu ya anayepanga. Moja kwa flashi inayokaa kwa mwenyekiti. Moja kwa barua pepe ya kamati, ambayo keateka pia ana neno lake la siri. Na karatasi moja iliyochapishwa saiba, masafa na toni na jina la kila chaneli, ipigwe gundi ndani ya kibanda cha soja. Msicheke karatasi. Daftari la wageni lilikuwa na nusu ya ukweli na ndilo lilifanya nijiamini. Lingekuwa na ukweli wote, mzee angekuwa na mkono wake mzima.

Na bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ni maombi. Mnakumbuka Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, nchi nzima ikaingia giza? JKIA, hapa jirani, ilikuwa na jenereta. Kulikuwa na bakapu. Na bado sehemu ya majengo ya abiria ilikaa gizani kwa sababu jenereta yake ilikataa kuwaka. Waziri wa uchukuzi akaomba msamaha, mkurugenzi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Mitambo ilikuwepo, ndio maana ilikuwa aibu. Wala si Kenya peke yake. GitLab, kampuni kubwa ya kuhifadhi kazi za wanaprogramu wa dunia nzima, Januari 31, 2017 mhandisi wao alifuta hifadhidata isiyo sahihi. Walikuwa na njia tano za akiba, wakagundua usiku huo kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mmoja wao aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Angalau wao walirusha ule ukarabati moja kwa moja YouTube wakiwa na aibu yao usoni. Mimi nilifuta video.

Kwa hivyo jaribu. Chukua redio moja, andika kitu cha ovyo ndani kwa makusudi, halafu rudisha faili yako. Halafu simameni watu wawili mahali ambapo hamwonani. Narudia, mahali ambapo hamwonani. Aite, ujibu. Uite, ajibu. Dole gumba si jibu.

Kuna mambo madogo ambayo yananiudhi na lazima niyaseme. Faili iitwe jina la binadamu. "Mpya", "mpya2", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", hayo si majina, hayo ni kilio. Andika mwaka, mwezi, siku, ploti, na redio ya nani. Ile ya kwanza kabisa uliyosoma kabla hujagusa kitu, iandike ASILI kwa herufi kubwa na usiifungue tena isipokuwa kurudisha. Na usichukue faili ya redio moja ukaimwaga kwa nyingine ati zinafanana kwa macho. Faili ya CHIRP, ile inayoishia na .img, imebeba na mipangilio ya ndani ya ile redio, si chaneli tu, na Baofeng mbili zilizokaa rafu moja zinaweza kuwa na matoleo tofauti ndani. Soma kila redio kivyake, halafu nakili chaneli kutoka dirisha moja hadi lingine. Ukitaka orodha ya chaneli pekee, toa ile ya CSV, hiyo hata simu inafungua, lakini ujue ile mipangilio mingine haimo.

Nikiandika haya, kuna mtu atasema hii yote ni maneno ya wazungu wenye nafasi, sisi tuko mbio ya kutafuta. Nimekaa na hiyo hoja pia. Tokeni zikiisha katikati ya kuandika, nani ana redio iliyobaki nusu? Kebo feki zinauzwa kwa nani? Nani analipishwa mara mbili na duka kwa faili moja? Mtu mwenye pesa akiharibu ananunua tena na kumwita fundi mwingine. Sisi ndio hatuna ya kuharibu.

Mama Mwenyekiti ameandikia lile duka barua, kwa jina la kamati, kuomba faili asili ya redio zetu. Wiki ya tatu sasa, hawajajibu. Lakini kwa ploti mbili za jirani hatungojei. Jumamosi hii kuanzia saa nne niko chini ya ngazi geti kubwa na kebo nzuri. Nitasoma redio yako, nitakupa faili kwa flashi yako mwenyewe, na nitakutumia kwa barua pepe ukiwa hapo. Kuandika siandiki chochote. Ukitaka kuzima yule dada wa Kiingereza nitakuonyesha kwa menyu. Sichukui pesa, na kamera inabaki kwa nyumba. Leta redio ikiwa na chaji.